Harufu ya waya unaoungua ndani ya gari: mama, usinyamaze



Juma hili tunaongea juu ya gari. Wako watakaosema kwamba gari ni jambo la shofere na fundi, mama anaingia, analipa, anashuka. Lakini tuhesabu wanaokaa ndani yake. Asubuhi ni watoto wetu wanaokwenda shuleni, watano au sita kwenye kiti cha watu watatu. Siku ya soko ni sisi na magunia ya mihogo kutoka Kamanyola. Usiku ni mama mja mzito anayepelekwa kujifungua. Gari likipata moto, ni sisi tulio ndani.

Mara nyingi wa kwanza kusikia harufu ni mama aliyekaa nyuma na mtoto mapajani. Anauliza, shofere anajibu: "Hakuna kitu, mama, ni vumbi tu." Mama anaona haya mbele ya abiria wengine, ananyamaza. Ukurasa huu tunauandika ili asinyamaze tena, na ili akiongea ajue anachosema.

Pua inajua kabla ya macho

Si kila harufu ndani ya gari ni ya umeme. Tujifunze kuzitofautisha, kama tunavyojua kutofautisha maharagwe yanayoungua na mafuta ya mawese yaliyopata moto kupita kiasi.

Harufu ya plastiki au mpira unaoungua, kali, inayochoma koo: hiyo mara nyingi ni waya. Ganda la waya ni plastiki, na waya ukipata joto sana ganda hilo huyeyuka. Plastiki nyingine za umeme zikiungua hunuka kama samaki aliyeoza. Ukisikia harufu ya samaki ndani ya gari na hakuna aliyebeba samaki, usicheke. Sema.

Harufu ya yai bovu: angalia batri. Batri inayojazwa kupita kiasi huchemka na kutoa hewa mbaya. Hewa inayotoka ndani yake inaweza kulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo usimruhusu mtu aje na sigara au kiberiti kutazama.

Harufu ya karatasi inayoungua, hasa wakati wa kushuka mlima kama pale Ngomo: mara nyingi ni breki zilizopata moto, au klachi wakati wa kupanda. Harufu yenye utamu kidogo: maji ya radieta yanavuja. Harufu ya mafuta mazito yaliyokaangwa: oili ya injini inadondokea bomba la moshi. Zote hizo zinahitaji fundi, ila si za umeme.

Harufu ya esanse peke yake ni hatari. Harufu ya esanse pamoja na ya waya unaoungua ni amri ya kushuka mara moja, bila majadiliano.

Moto huo unatoka wapi?

Batri ya gari dogo ni ya volti 12. Umeme wa nyumbani ni volti 220, na ndiyo maana ukigusa batri ya gari hairushi mtu kama waya wa nyumbani. Kwa sababu hiyo wengi wanaidharau. Wanasahau kwamba batri hiyo ndogo inaweza kusukuma umeme mwingi kwa ghafula. Kuwasha injini tu, stata inavuta ampea 100 au zaidi. Umeme mwingi namna hiyo ukipita kwenye waya mwembamba, waya unakuwa mwekundu kama makaa kwa muda mfupi sana.

Joto linakuja kwa njia tatu. Ya kwanza, waya umebebeshwa kazi kuliko unene wake, kama mtoto aliyetwikwa gunia la mama yake. Ya pili, kiungo kimelegea au kimeota kutu ya kijani. Umeme unapita kwa shida, na pale penye shida ndipo panapochemka. Ya tatu, waya umechubuka ganda na shaba yake inagusa bati la gari. Bati lote la gari limeunganishwa na nguzo ya kutoa ya batri, hivyo waya wenye umeme ukiligusa, umeme wote unakimbilia pale bila kizuizi.

Fyuzi ni mlinzi

Ili kuzuia hayo, watengenezaji wameweka fyuzi, ile ambayo mafundi wetu wengi huita fizible. Ndani yake kuna uzi mdogo wa chuma. Umeme ukizidi, uzi huo unakatika kwanza, waya unapona. Kila fyuzi ina namba ya ampea na rangi yake: nyekundu ni 10, buluu ni 15, ya njano ni 20, nyeupe inayoonyesha ndani ni 25, ya kijani ni 30. Kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kina picha inayosema kila nafasi inataka namba gani.

Hapa ndipo uovu mwingi unapoanza. Fyuzi ya 15 inakatika. Mtu anaweka nyingine ya 15, inakatika tena. Badala ya kutafuta sababu, anaweka ya 30, au anazungusha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au anachomeka kipande cha waya. Taa zinawaka, shofere anafurahi, fundi analipwa. Lakini mlinzi ameuawa. Siku umeme utakapozidi, hakitakatika kitu. Waya wenyewe utaungua, nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya watoto.

Mama, ukumbuke neno hili moja hata ukisahau mengine yote: fyuzi iliyokatika si ugonjwa, ni mlinzi aliyepiga kelele. Swali la kumuuliza fundi ni nini kilichomfanya apige kelele.

Gari moja, daftari moja

Kikundi chetu kimoja kina minibasi iliyonunuliwa kwa akiba ya wamama, ya kubeba watoto asubuhi na mizigo ya soko mchana. Harufu ya plastiki ilianza kusikika humo. Siku nyingine inakuja, siku nyingine haiji. Ilipelekwa garaji, fundi akalitazama mchana, hakusikia kitu, akarudisha gari na bili.

Mama mmoja anayeshika hesabu ya kikundi akachukua daftari ya shule. Akamwambia shofere: "Papa, kila harufu ikija, tuandike saa, hali ya hewa, na vitu vilivyokuwa vinawaka." Baada ya juma moja walisoma: Jumatatu jioni, harufu. Jumanne asubuhi, jua, hakuna. Jumatano asubuhi, mvua kubwa na ukungu, harufu. Ijumaa jioni, harufu tena, na mvua haikuwapo.

Jioni na mvua vinafanana kwa nini? Katika vyote viwili shofere aliwasha taa kubwa za mbele. Wakati wa mvua aliwasha pia fagio za kioo na feni, lakini Ijumaa jioni hakuviwasha. Wakasimamisha gari mahali pa wazi, injini ikiwaka, watoto hawamo. Wakawasha feni peke yake dakika kumi: hakuna harufu. Fagio peke yake: hakuna. Taa kubwa peke yake: kabla ya dakika kumi kwisha, harufu ikaja, wakazima kila kitu.

Sasa fundi alikuwa na pa kuanzia. Alipofungua nyuma ya taa, soketi ya plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na kuyeyuka upande mmoja, na waya ulioingia humo ulikuwa mgumu kama ukuni. Alipotoa balbu, zilikuwa za wati 100. Zile ambazo gari liliundwa kuzibeba ni za wati 60. Na kwenye kisanduku cha fyuzi, nafasi iliyoandikwa 15 ilikuwa na fyuzi ya kijani ya 30. Aliyeziweka zamani alitaka mwanga wa kuonekana mbali kwenye barabara zetu zenye mashimo.

Hesabu yake ni nyepesi. Wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120. Gawanya kwa 12, unapata ampea 10. Fyuzi ya 15 inatosha. Balbu mbili za wati 100 ni wati 200. Gawanya kwa 12, unapata karibu ampea 17. Fyuzi ya 15 haivumilii hiyo kwa muda mrefu. Na joto ndani ya waya halipandi sawasawa na umeme, linapanda mara kwa mara yake: kutoka ampea 10 hadi 17, joto linakuwa karibu mara tatu. Ndiyo sababu soketi iliyeyuka.

Balbu za 60 zikarudishwa, soketi na kipande cha waya kilichoungua vikabadilishwa, fyuzi ya 15 ikarudi mahali pake, na vioo vya taa vilivyokuwa na ukungu vikasafishwa ili mwanga uonekane vizuri. Daftari bado imo garini.

Mahali panapoungua mara nyingi

Magari mengi tunayopanda yamekwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu kwa njia ya Mombasa au Dar es Salaam. Ganda la waya limezeeka, linakauka na kupasuka. Halafu sisi tunaongeza vitu. Tazameni hasa hapa:

Redio, alamu na spika zilizoongezwa. Anayezifunga kwa haraka huchubua waya wa gari, anazungusha wa redio juu yake, anafunga kwa skochi nyeusi. Kwa joto skochi inaachia. Kila kitu kilichoongezwa kinahitaji fyuzi yake, karibu na batri.

Feni ya hewa. Ikiwa feni inafanya kazi kwenye nguvu ya mwisho tu, na nguvu ndogo zimekufa, kuna kifaa kidogo cha kupunguza umeme kilichoungua, mara nyingi pamoja na soketi yake. Harufu inatokea kwenye matundu ya hewa.

Chaja ya simu. Chaja za bei ya chini kwenye tundu la sigara hupata moto mkali. Iguse baada ya dakika kumi. Ikiwa huwezi kuishika, itoe usiirudishe.

Milango na mlango wa nyuma. Kila unapofunguliwa na kufungwa, nyaya zinakunjwa mahali palepale mpaka zinakatika au kuchubuka.

Vichwa vya batri. Vikilegea au kuota unga mweupe, vinachemka. Kaza, safisha kwa maji ya moto, kausha.

Panya. Gari likilala karibu na ghala la mahindi au unga, panya huingia kwenye injini kutafuta joto na kutafuna nyaya. Ukiona mavi ya panya chini ya kifuniko cha injini, ukague nyaya.

Maji ya mvua. Kwetu Bukavu mvua inanyesha miezi mingi kuliko kiangazi. Zulia la gari likiloa na halikauki, kuna mahali maji yanaingia, na nyaya nyingi hupita chini ya zulia hilo.

Harufu ikija njiani

Sema kwa sauti na kwa heshima, lakini usirudi nyuma: "Papa shofere, tunasikia harufu ya waya. Simama tafadhali, tuna watoto." Abiria wengine wataunga mkono mara mmoja akianza.

Shofere asimame pembeni, azime kila kitu, akate kontakti. Injini ikizimwa, nyaya nyingi zinanyimwa umeme na hatari inapungua. Si zote, kwa sababu nyingine zina umeme saa zote kutoka batri.

Halafu watu washuke. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Minibasi nyingi kutoka Japani zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto. Kule wanaendesha kushoto, kwa hiyo mlango unafungukia pembeni. Kwetu Kongo tunaendesha kulia, hivyo mlango uleule unafungukia katikati ya barabara. Watoto wakikimbia nje kwa woga, wanakimbilia magurudumu ya magari mengine. Mtu mzima mmoja ashuke kwanza, asimame upande wa barabara akiinua mkono. Wa pili awapokee watoto, mmoja mmoja, awazungushe nyuma ya gari mpaka pembeni. Mizigo ibaki. Simu ibaki. Gunia linanunuliwa tena.

Muende mbali, hatua 40 au zaidi, na mkae huko. Mnakumbuka Sange, katika bonde la Ruzizi, tarehe 2 Julai 2010. Lori la esanse lilipinduka, watu wakakaribia, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Gari letu dogo halibebi mafuta kama lori lile, lakini somo ni lilelile: gari lenye moto si la kutazamwa karibu.

Ikiwa hakuna moshi wala moto, shofere anaweza kufungua kifuniko cha injini na kuondoa waya wa batri, akianza na ule wa alama ya kutoa. Kwa magari mengi ni ufunguo namba 10, na unapaswa kukaa garini saa zote. Avue pete na bangili ya chuma kwanza.

Ikiwa moshi unatoka chini ya kifuniko, asikifungue wazi. Hewa ikiingia kwa wingi, moto unapanda usoni kwake. Akifungue kidogo tu na kupuliza kizima moto cha unga kwa upenyo huo. Mchanga unafaa kwa moto mdogo ulio chini. Maji yasimwagwe penye esanse, yanaisambaza. Na moto ukishashika ndani, waache gari liungue.

Tena: bidoni ya esanse isisafiri pamoja na watu. Waya unaoungua peke yake unaweza kutoa moshi tu. Ukikutana na mvuke wa esanse, hakuna anayepata muda wa kufungua mlango.

Maneno ya kumwambia fundi

Fundi mzuri hachukii maswali. Mama mwenye gari, au kikundi chenye gari, muulize haya:

"Nini kilisababisha fyuzi kukatika?" Akijibu "imezeeka tu", ulizeni tena.

"Utuonyeshe sehemu iliyoungua." Kitu kilichotolewa mkichukue mkononi. Waya ulioungua una ganda gumu, la kahawia au lenye mapovu.

"Upime batri mbele yetu." Batri nzima iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kikivuka 15, alternata inajaza kupita kiasi. Batri itachemka na balbu zitakufa moja baada ya nyingine.

"Kila kitu kikizimwa, gari linavuta umeme kiasi gani?" Baada ya gari kutulia, inapaswa kuwa chini ya miliampea 50. Likivuta zaidi, kuna kitu kinachofanya kazi usiku wakati sisi tumelala, na batri itakuwa imekufa asubuhi.

"Waya uliobadilisha una unene uleule?" Waya mwembamba badala ya mnene ni kurudia ugonjwa.

Na siku ya kununua gari, kabla ya fedha za likelemba kuondoka mikononi, mfungue kisanduku cha fyuzi. Mlinganishe kila rangi na picha ya kifuniko. Mkikuta fyuzi ya kijani mahali pa buluu, au karatasi ya fedha, gari hilo limewaambia historia yake bila muuzaji kufungua mdomo.

Kazi ya kikundi juma hili

Katika mkutano wenu wa juma hili, mwalikeni shofere anayebeba watoto wenu. Msimwite kumshitaki, mpeni kiti na chai. Mwombeni awafungulie kisanduku cha fyuzi, awaonyeshe ufunguo namba 10 na kizima moto. Kama kizima moto hakipo, ongeeni namna ya kukinunua pamoja: wazazi wa watoto kumi na watano wakichanga, hakuna atakayeumia. Halafu mfanye zoezi pamoja na watoto, gari likiwa limesimama uwanjani: nani anashuka kwanza, nani anapokea, wanakusanyika wapi. Mhesabu watoto mkimaliza.

Mpeni shofere na daftari. Ukurasa wa kwanza muandike: tarehe, saa, hali ya hewa, kilichokuwa kinawaka. Na mwambieni mbele ya wote kwamba siku atakaposimama njiani kwa sababu ya harufu, watoto wakachelewa shule, hakuna mama atakayemgombeza.